Chuo cha Umma Kitoe Hesabu Mbele ya Umma



Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya serikali yanapotangazwa, wengi wenu hutujia na swali moja: tuchague chuo kikuu gani? Sisi tuliowaandaa kwa Kipaimara na kuwafundisha darasani tunaona haya kukiri kwamba jibu letu hutegemea uvumi. Tunasema chuo hiki kina jina, kile kina mgomo, na mjini pale kuna mjomba atakayekupokea. Kwa jambo litakalochukua miaka mitano ya ujana wa mtu na akiba yote ya nyumba yake, tunashauri kwa kubahatisha. Anayenunua mbuzi sokoni humpapasa mgongo na kumtazama meno. Anayejiandikisha chuo kikuu hapewi hata nafasi hiyo.

Maoni yetu ni haya: kabla ya kupokea malipo ya kwanza, chuo kikuu cha umma kinapaswa kuandika na kubandika hadharani mambo matatu. La kwanza ni gharama yote mpaka diploma. La pili ni idadi ya walioingia pamoja na idadi ya waliomaliza. La tatu ni walimu: ni nani, wana cheo gani, na wanafundisha somo gani. Katiba yetu, katika kifungu cha 24, inamtambulia kila mtu haki ya kupata habari. Hatuombi fadhili.

Kwa nini tunakisemea hasa chuo cha umma? Kwa sababu historia yake ni historia ya wazazi wetu. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Lubumbashi nayo ilipata chuo chake cha serikali katika miaka hiyo hiyo, na Waprotestanti wakaanzisha chuo cha Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyote vitatu kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Katika miaka ile mwanafunzi alipata basari, kitanda na chakula. Mzazi hakuuliza bei, kwa kuwa hazina ya taifa ndiyo iliyobeba mzigo. Uchumi ulipoporomoka, mzigo ulihamia mgongoni mwa mzazi, lakini daftari la hesabu lilibaki ofisini.

Tuliyaona hayo katika shule zetu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipopoteza thamani na migomo kufunga madarasa, wazazi walikubali, Kanisa likiwaunga mkono, kuwalipa walimu posho ili watoto wasipoteze mwaka. Lilikuwa tendo jema la dharura, na sisi walimu tulilisha watoto wetu kwa posho hiyo. Lakini hakuna aliyeandika dharura itakwisha lini. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Hata hivyo mzazi aliendelea kulipa mpaka serikali ilipoanza kuutekeleza uamuzi huo Septemba 2019. Malipo yasiyoandikiwa mwisho hujitengenezea makao. Ndivyo ilivyo chuoni hadi leo.

Tuanze na gharama. Miaka michache iliyopita tulimsindikiza kijana wa shirika letu kwenda kujiandikisha katika chuo kimoja cha umma ambacho hatutakitaja. Baba yake alikuwa ameuza kipande cha shamba, naye alikuwa amepiga hesabu vizuri: minervali ya mwaka mara miaka mitano. Alichokosea ni kudhani kwamba minervali ndiyo gharama. Kabla ya mwaka kwisha, kijana alikuwa amelipia kadi, silabusi za masomo karibu yote, kazi za vitendo, na ruhusa ya kuingia katika kipindi cha mitihani. Baadaye yakaja malipo ya kumfuata mwalimu kwa ajili ya kazi ya mwisho, kuichapa, kuiweka na kuitetea. Kila malipo yalitangazwa siku chache kabla ya kudaiwa. Hakuna hata moja lililokuwa kwenye karatasi aliyopewa baba siku ya kwanza. Fedha ya shamba iliisha katika mwaka wa tatu, na kijana akarudi nyumbani bila diploma. Leo anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na baba yake analima shamba la kukodi.

Hatusemi kwamba malipo hayo yote ni wizi. Tunajua kwamba sehemu ya ada hurudi kwa walimu na wafanyakazi kama nyongeza, kwa sababu mshahara wa serikali hautoshi na wengine hawaupati kwa wakati. Mwalimu naye ana watoto. Lakini kama ndivyo, basi iandikwe: katika kila dola 100 unayolipa, kiasi hiki ni cha walimu, hiki ni cha maabara, hiki ni cha utawala, hiki kinatumwa ngazi za juu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mzazi anayejua fedha yake inakwenda wapi hulipa kwa moyo mwepesi, na asiyejua huhisi ameibiwa hata pale ambapo hakuibiwa.

Jambo la pili ni kumaliza. Siku ya kutunuku diploma tunashangilia majoho, tunapiga vigelegele, tunahesabu waliofaulu. Hatuwahesabu walioanza nao wakapotea njiani. Kipimo cha kweli huanzia mlangoni: watu wangapi waliingia mwaka wa kwanza pamoja, na wangapi kati yao walipata diploma katika muda uliopangwa, au mwaka mmoja au miwili baadaye? Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo cha kwanza kinapokea wanafunzi 1,000 na kuwahitimisha 200. Cha pili kinapokea 150 na kuwahitimisha 100. Redio itakisifu cha kwanza kwa wahitimu wake 200. Lakini mwanao akiingia katika chuo hicho, kwa kila wanafunzi watano ni mmoja tu anayetoka na diploma. Katika cha pili ni wawili kwa kila watatu. Bei ya chuo cha kwanza inaweza kuwa ndogo kwa mwaka na bado diploma yake ikawa ghali zaidi, kwa sababu ya miaka ya kurudia na miaka iliyopotea kabisa.

Hesabu hii imekuwa ya lazima zaidi tangu vyuo vyetu vilipoingia katika mfumo wa LMD, uliotangazwa kwa nchi nzima kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Sasa licence ni miaka mitatu yenye krediti 180, na master ni miaka miwili yenye krediti 120. Mwanafunzi anaweza kupanda darasa huku bado akidaiwa krediti za nyuma. Kwa hiyo kijana anayesema "niko mwaka wa tatu" huenda asijue mwenyewe amebakiza safari kiasi gani. Chuo kinajua. Kimwambie yeye, na kitangaze idadi ya jumla kwa wote.

Jambo la tatu ni walimu. Jengo laweza kuwa na paa jipya na lisiwe na profesa. Katika vyuo vingi vya mikoani, mzigo mkubwa hubebwa na asistanti na wakuu wa kazi ambao hawajapata udaktari. Profesa ni mgeni anayetoka mji mwingine, anayemaliza somo la muhula mzima katika juma moja au mawili, kisha anaondoka. Nauli na malazi yake hulipwa na chuo, yaani kwa sehemu kubwa na wanafunzi. Asipofika, somo linasubiri, na mwanafunzi anaendelea kulipa kodi ya chumba akimngoja. Hatuwadharau asistanti, maana baadhi yao ndio waliotufundisha kufundisha. Tunasema tu kwamba anayeomba nafasi katika kitivo cha tiba au cha ufundi ana haki ya kujua kitivo hicho kina maprofesa wangapi wa kudumu na masomo mangapi hayana mwenyewe.

Je, haya ni ndoto? Marekani, sheria ya mwaka 1990 inavilazimu vyuo ambavyo wanafunzi wake hupokea msaada wa fedha wa serikali kuu vitangaze ni sehemu gani ya wanafunzi wao humaliza. Kwa shahada ya miaka minne, huhesabiwa waliomaliza ndani ya miaka sita. Tangu 2011 vinadaiwa pia kumpa mwombaji njia ya kukadiria kiasi atakachobaki nacho kulipa baada ya kuondoa misaada. Karibu zaidi nasi, nchini Tanzania, tume inayosimamia vyuo vikuu hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo kinachoonyesha masomo, sifa za kuingia na idadi ya nafasi. Mifano hiyo ina kasoro zake. Katika hesabu ile ya Marekani, mwanafunzi aliyehamia chuo kingine na kumaliza huko huonekana hakumaliza kwao alikoanzia. Ndiyo maana namba isitolewe peke yake, bali pamoja na maelezo ya jinsi ilivyopatikana.

Yapo mapingamizi ya haki. Wengine wanasema chuo kikitangaza idadi ya wanaomaliza, walimu watashinikizwa kuwapitisha wote ili jina la chuo lisiharibike. Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kutangaza mambo yote matatu pamoja. Chuo chenye maprofesa wachache sana ambacho kinafaulisha watu wote kitajishuhudia chenyewe. Wengine wanasema si haki kumdai rekta hesabu ilhali serikali haimpi ruzuku. Sisi tunaona kinyume chake: hesabu iliyobandikwa ukutani ndiyo silaha ya rekta mwaminifu, kwa kuwa itaonyesha kilichoahidiwa, kilichofika na kilichopungua. Anayeficha hesabu hubeba lawama za mwenzake pamoja na zake.

Basi vijana, tusikae kungoja. Katika kila kikundi cha parokia, iwe Xavéri, Kizito-Anuarite au kwaya, wapo kaka na dada waliotangulia chuoni. Nunueni daftari moja. Waiteni hao baada ya Misa, mmoja baada ya mwingine, waandikeni bila kutaja majina: alisoma nini, aliingia mwaka gani, alilipa nini na nini, wangapi walianza naye, wangapi walimaliza, somo gani halikupata mwalimu. Waandikeni hasa wale walioacha masomo, ambao mara nyingi huona aibu na hukaa nyuma kanisani. Ushuhuda wao ni wa thamani kuliko wa waliofaulu. Andikeni mliyoyasikia kwa mhusika mwenyewe na kuacha ya kuambiwa na jirani, maana daftari la uvumi ni uvumi ule ule uliopata jalada.

Kisha, kabla ya kujiandikisha, nendeni wawili au watatu kwa katibu wa kitivo, kwa heshima, mkiwa na maswali matatu kwenye karatasi. Mkijibiwa, shukuruni na mpeleke jibu parokiani ili wengine walione. Msipojibiwa, hilo nalo liandikeni, na tarehe yake.

Na sisi wakubwa tuanze nyumbani. Kikundi kisichosoma hesabu ya michango yake mbele ya wanachama hakina uso wa kumdai rekta. Jumapili ijayo, kabla ya kuanza daftari la vyuo, kila mweka hazina na asimame asome la kwake.