Pesa Hazijapotea, Ila Nani Amwambie Mwenyewe?

Mtu akishindwa kubadilisha tokeni, au akivusha sarafu za kidijitali kutoka mtandao mmoja wa bloksheni kwenda mwingine zisifike, wazo la kwanza ni kwamba ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa. Kwenye Ethereum, bei ikiyumba kupita kikomo alichokubali kabla muamala haujathibitishwa, programu inayobadilisha tokeni hukataa na tokeni hubaki zilipokuwa. Kinachokwenda ni ada ya mtandao, maana kazi ya kuujaribu muamala hulipiwa hata ukishindikana. Kuvusha nako ni miamala miwili, mmoja kila upande. Wa pili ukichelewa, salio limepungua huku na kule halijaongezeka. Anayerudisha mali Ethereum kutoka mitandao ya Arbitrum au Optimism kwa daraja rasmi, yaani programu ya kuvushia, husubiri takriban siku 7, ndivyo mfumo ulivyopangwa, kisha kwa kawaida hutakiwa arudi kubonyeza ili apokee, akiwa na etha ya kulipia ada. Asiyejua hayo atasubiri hata mwaka.

Kwa hiyo tatizo kubwa si miamala kukwama. Ni kimya cha programu. Skrini huandika "imeshindikana" au "inasubiri", basi. Habari zote ziko hadharani kwenye tovuti ya Etherscan kwa yeyote mwenye nambari ya muamala, lakini zimeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, na matapeli wanalijua hilo vizuri kuliko watengenezaji. Anayeuliza kwenye kundi la Telegram mbona tokeni zake hazijafika hufuatwa faraghani na "afisa wa huduma kwa wateja" mwenye lugha ya upole na kiungo cha "kuhakiki pochi". Huko huombwa maneno 12 ya siri yanayofungua pochi yake ya sarafu. Akiyaandika tu, mali iliyokuwa salama inaondoka, na safari hii muamala haukwami.

Wapo watakaosema aliyeingia mwenyewe ajifunze mwenyewe. Lakini M-Pesa ya Kenya haikukua kwa kuwaambia wateja wajifunze kubonyeza nambari bila kukosea: huonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, na aliyekosea hutuma ujumbe kwenda 456. Kweli, bloksheni haina wa kurudisha muamala. Kueleza, hata hivyo, si kurudisha. Anwani za Ethereum na BNB Chain zina umbo lilelile, hivyo aliyechagua mtandao usio sahihi akituma kwenye pochi yake mara nyingi angezikuta sarafu palepale kwenye anwani yake, akibadili tu mtandao anaoutazama. Pochi inaweza kulikagua hilo na kumwambia. Kama anwani ni ya soko la sarafu, mwenye funguo ni soko, na hilo pia alistahili kuambiwa kabla ya kutuma.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mifumo hii haina mwenyewe, sasa utamdai nani? Mkataba wa kompyuta, yaani programu inayojiendesha kwenye bloksheni, huenda hauna, lakini pochi inayo. Pochi ya MetaMask kwa kawaida hujikatia asilimia 0.875 ya thamani inayobadilishwa ndani yake. Mwenye kukata ada hawezi kujificha nyuma ya neno ugatuzi. Tena mengi ya madaraja yana watu nyuma yake. Mei 2023 uvushaji kupitia daraja la Multichain ulianza kusuasua huku watumiaji wakipewa maelezo nusunusu. Mwezi Julai mali ya zaidi ya dola milioni 120 ilihamishwa, na ndipo kampuni ikatangaza kwamba mkuu wake alikuwa amechukuliwa na polisi wa China tangu Mei. Kumbe kuna "inasubiri" ya kawaida na kuna "inasubiri" ya hatari, na mtumiaji aliyeiona skrini ileile hakuwa na namna ya kuzitofautisha.

Serikali nazo zimeshaingia humu: Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali tangu 2024, na Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma wa mali hizo mwaka 2025, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Serikali haziwezi kulishika daraja lisilo na ofisi. Soko linaloomba leseni Nairobi zinaweza kulishika, na sharti la leseni liwe hili: muamala ukikwama, mteja asome kwa Kiswahili mali yake iko mtandao gani, kwenye anwani gani, inangoja nini, na kwamba hakuna mfanyakazi atakayemwomba maneno ya siri.