Sauti Ina Uso na Kisogo

Binadamu anaponena, sauti yake haienei pande zote kwa usawa kama mwanga wa koroboi. Ina uso, nayo ina kisogo. Mwadhini alilijua hilo kabla ya vipaza sauti kuvumbuliwa: anapowaita waumini kwenye sala huugeuza uso wake kulia, na anapowaita kwenye kufaulu huugeuza kushoto. Mchungaji naye huviweka viganja kinywani amwitapo mwenzake aliye ng'ambo ya bonde. La kushangaza ni kwamba maarifa haya ya tangu jadi yangali yanapuuzwa na baadhi ya wataalamu wanaoiga mwenendo wa sauti kwa kompyuta kabla ya kumbi kujengwa.

Uigaji huo si jambo la mzaha. Nafasi ya ukumbi hugawanywa kuwa vijisanduku vidogo vidogo mfano wa matundu ya wavu, kisha kompyuta hukokotoa jinsi shinikizo la hewa linavyobadilika katika kila kimoja kadiri wimbi linavyopita. Ili wimbi lisipotoke, aghalabu huhitajika vijisanduku vipatavyo 10 katika kila urefu wa wimbi. Atakaye kuupunguza upana wa kijisanduku kwa nusu huiongezea kompyuta kazi mara 16, kwa kuwa vijisanduku huongezeka mara 8 na hatua za wakati mara 2. Kwa sababu ya gharama hiyo, mwigaji huvutiwa na njia ya mkato: humfanya mzungumzaji kuwa nukta moja inayosukuma hewa pande zote kwa nguvu sawa.

Nukta hiyo haina kichwa, haina kinywa, wala haina kisogo. Athari yake hudhihirika pindi vipimo vinapozingatiwa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo, sauti ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4, ambalo hukizunguka kichwa cha binadamu kana kwamba hakipo. Sauti ya hezi 4000 ina wimbi la sentimita 8.5, fupi kuliko upana wa kichwa chenyewe. Hiyo huelekea mbele na kuacha kivuli nyuma. H. K. Dunn na D. W. Farnsworth wa maabara za Bell nchini Marekani walilipima jambo hili kukizunguka kichwa cha mtu anayezungumza, wakachapisha matokeo yao mwaka 1939. Hapana basi awezaye kudai kwamba habari hazijamfikia.

Mwanafunzi wa fonetiki atatambua mara moja kinachopotea. Irabu, ambazo sehemu kubwa ya nguvu zake imo katika masafa ya chini, humfikia hata aliye nyuma ya mzungumzaji. Vikwamizo ndivyo vinavyofifia, hasa s, f na th. Mwalimu anapoandika ubaoni huku akisema, darasa hubakia na irabu, likakisia yaliyosalia: je, ni thamani au samani? Ni dhana au zana? Ukumbi uliobuniwa kwa nukta isiyo na kisogo utaonekana kwenye kompyuta kuwa unawahudumia wote kwa haki, ilhali anayeketi pembeni ataambulia mngurumo.

Kasoro hii ina asili ya mbali. Mwaka 1895, Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa jukumu la kuutibu ukumbi wa mihadhara wa Fogg, ambamo mrindimo ulidumu kwa takriban sekunde 5.5. Kwa kutumia bomba la kinanda na mito ya viti, alifikia kanuni inayotumika hadi leo, ambayo huhusisha ukubwa wa chumba na uwezo wa vilivyomo wa kufyonza sauti. Kanuni hiyo haiulizi msemaji ameelekea wapi. Sabine hakuwa na kompyuta. Walio nazo leo hawana udhuru huo.

Wapo watakaohoji kwamba kuta huichanganya sauti hadi mwelekeo ukakosa maana. Hoja hii ina chembe ya ukweli, lakini haitoshi. Kufahamika kwa usemi hutegemea sana sauti inayofika moja kwa moja pamoja na mwangwi wa mapema, yaani ule wa sekunde 0.05 hivi za mwanzo. Katika muda huo sauti hupiga mita 17 tu. Kadiri ukumbi unavyorindima, ndivyo uwiano baina ya sauti hiyo ya awali na mrindimo unavyozidi kuwa na uzito, na uwiano huo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na upande alioutazama msemaji.

Isitoshe, dawa si ghali. Nukta mbili jirani zinazosukuma hewa kwa kupingana huzaa chanzo chenye pande mbili. Ikiongezwa nukta ya kawaida kwa kipimo kifaacho, hupatikana umbo mfano wa moyo, lenye nguvu mbele na unyamavu nyuma. Atakaye usahihi zaidi anaweza kukiunda kichwa ndani ya wavu na kukipa kinywa. Vijisanduku vya chanzo ni haba mno vikilinganishwa na mamilioni ya ukumbi mzima.

Nchini Kenya, ambako elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 ilifurisha madarasa, suala hili si la wanafizikia pekee. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Ni wajibu wa wasomi wake kuipima jinsi inavyotoka kinywani na kulisimika neno kama chanzo elekezi katika msamiati wa wahandisi. Zege likishakauka halikunjiki, na atakayelipa gharama ya nukta isiyo na kisogo ni mwanafunzi wa safu ya mwisho.