Kuuliza si Ujinga, Lakini Amuulize Nani?

Juma lililopita nilikuwa Marikiti, hapa Mombasa, nikinunua hiliki na bizari. Kijana aliyenipimia alikuwa ameegemeza simu yake kwenye gunia la pilipili manga, akitazama somo la Baiolojia. Aliacha shule katika kidato cha pili kwa kukosa karo, na sasa anajitayarisha kwa mtihani wa KCSE kwa kusoma mtandaoni. Aliposikia kwamba nasomesha chuo kikuu, alinionyesha neno moja. "Mwalimu, hili nimelisikia mara kumi," akasema. "Kulitamka naweza. Maana yake ndiyo siijui."

Neno lenyewe lilikuwa osimosisi. Nilimuuliza: embe bichi likikatwa na kutiwa chumvi kwa ajili ya achari, hutokea nini? Akacheka, akajibu kwamba hutoa maji. Basi, nikamwambia, hiyo ndiyo osimosisi: maji hutoka ndani ya seli za embe, yakapita kwenye utando wake, yakaelekea penye chumvi nyingi. Kijana yule alikuwa na maarifa hayo tangu utotoni. Alichokosa ni mtu wa kumuunganishia maarifa hayo na neno la kigeni.

Hapana shaka kwamba intaneti imewafungulia mlango wengi waliofungiwa na umaskini, ndoa za mapema au kazi. Sipingi masomo hayo. Hata hivyo, tunakosea tunapodhani kwamba kupatikana kwa somo ni sawa na kufundishwa. Kweli, simu ya leo hujibu inapoulizwa. Lakini asiyeimudu lugha ya somo huwa hata swali lenyewe limemponyoka. Aidha, kijana yule aliniambia kwamba tangu aanze, hakuna mwalimu aliyemsahihishia hata ukurasa mmoja.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1967 kilianzishwa kitengo cha masomo ya posta huko Kikuyu, chini ya chuo kikuu kishiriki cha Nairobi. Wanafunzi, wengi wao wakiwa walimu wa msingi waliotaka kujiendeleza, walipokea vitabu, wakasikiliza vipindi vya Sauti ya Kenya, wakajibu mazoezi na kuyatuma kwa posta. Kazi zao zilisahihishwa na kurejeshwa. Vyombo vyao vilikuwa duni kuliko simu ya kijana wa Marikiti, lakini barua zao zilijibiwa.

Mtahiniwa wa kibinafsi wa leo hujilipia ada ya mtihani. Hutakiwa kufanya masomo yasiyopungua saba, yakiwemo ya sayansi, na sayansi zina mtihani wa vitendo. Ataujuaje mkono wa kupima asidi kwa kuutazama wa mwingine kwenye kioo cha simu? Wengine huingia maabara kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe. Jirani zetu wa Tanzania humwita mtu kama huyu mtahiniwa wa kujitegemea. Ni jina la heshima, lakini kujitegemea si kuachwa peke yako.

Na muda unayoyoma. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, lililoingia kidato cha kwanza mwaka 2024, linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Aliyeachwa nyuma na mfumo huo asiachwe mara ya pili unapoondoka.

Natoa wito kwa walimu wenzangu wa kisiwani: tufungue darasa moja na maabara moja, jioni moja kila wiki, kwa ajili ya watahiniwa hawa. Tuwasahihishie kazi zao kwa kalamu nyekundu. Tuwaeleze kwa Kiswahili kwanza, kisha tuwape neno la Kiingereza watakaloulizwa. Nanyi wanafunzi wa vyuo, mnaokwenda Marikiti kununua ndizi na viungo, mkimwona muuzaji ameinamia somo, msimpite. Muulizeni amefika wapi.

Nilipoondoka, kijana yule alikuwa ameshika daftari, akiandika habari za embe na chumvi kwa maneno yake mwenyewe. Nimemwahidi kurudi kulisahihisha.