Mama Aliyetangulia Mbele ya Ngoma

Ndugu msomaji, mwanao akija kukueleza kwamba yeye na wenzake wa mtaani wanataka kuunda kikundi cha ngoma, humjibu nini? Wengi wetu tuishio mijini humwuliza kwanza kama amemaliza masomo yake. Ngoma tumeiachia arusi na siku za kupokea wageni. Leo napenda kukusimulia habari za mama mmoja aliyejibu vingine.

Mama huyo ni Hilda Jitolu, wa mtaa wa Curuzu katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia, nchini Brazil. Bandari ya mji huo ilipokea Waafrika wengi mno waliouzwa utumwani. Sheria ilifuta utumwa mwaka 1888, lakini haikufuta dharau. Ngoma za weusi zilihesabiwa kuwa ni fujo. Nyumba za ibada za Candomblé, dini ambayo ngoma ina nafasi kubwa katika ibada zake, zilitakiwa kuomba kibali cha polisi mpaka mwaka 1976. Hata katika kanivali, sikukuu kubwa ya kabla ya Kwaresima, vikundi vya wenye mali viliwafungia weusi mlango. Mtu mweusi aliweza kupata kazi ya kushika kamba iliyowatenga wachezaji na umati, lakini kucheza ndani ya kamba hiyo hakuruhusiwa.

Tarehe 1 Novemba 1974, kijana wa Mama Hilda, Antônio Carlos dos Santos, ajulikanaye kwa jina la Vovô, alianzisha kikundi cha weusi pamoja na rafiki yake Apolônio de Jesus. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Vijana hao walitaka kujiita Nguvu ya Weusi, wakashauriwa kwamba jina hilo lingewaletea balaa. Wakachagua Ilê Aiyê, maneno ya Kiyoruba yenye maana ya nyumba ya ulimwengu. Walipotoka kwa mara ya kwanza katika kanivali ya mwaka 1975 walikuwa watu kama 100 tu, na gazeti moja la mji likawashutumu kuwa ni wabaguzi wa rangi!

Mama Hilda alikuwa kiongozi wa nyumba ya ibada, mtu wa heshima zake. Angeweza kuwakataza wanawe, au kubaki dirishani akiwaombea. Hakufanya hivyo. Inasimuliwa kwamba alitangulia mbele ya ngoma, ili polisi wakija kuwakamata watoto wamkamate na yeye.

Lakini, ndugu msomaji, ushujaa wa siku moja hauhifadhi ngoma. Ngoma huhifadhiwa na mafunzo ya kila siku, na hapo ndipo palipo na somo kubwa. Kila mwaka kikundi kilichagua habari moja ya kufundisha, na kwa miaka mingi habari hiyo ilikuwa nchi au watu wa Afrika: Watutsi mwaka 1976, Zimbabwe mwaka 1981, Angola mwaka 1984. Watungaji wa nyimbo walipewa maandishi ya kusoma kwanza, ndipo watunge. Kwa njia hiyo mpishi, fundi na mchuuzi wa Curuzu walijifunza katika nyimbo historia ambayo hawakuipata darasani.

Mwaka 1988 Mama Hilda alifungua shule ya watoto mle mle katika nyumba yake ya ibada. Mwaka 1992 kikaanzishwa chuo cha ngoma cha watoto, Band'Erê, ambako mtoto hufunzwa kupiga, kucheza na kuimba, pamoja na kujua yeye ni nani. Serikali ya Brazil ilikuja kuamuru historia ya Afrika ifundishwe katika shule zote mwaka 2003. Mtaa ulikuwa umekwisha kutangulia.

Mama Hilda alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 86. Ilikuwa desturi yake, usiku wa Jumamosi ya kanivali, kurusha njiwa weupe na kuombea amani kabla ngoma haijaondoka mlangoni pake. Binti yake aliupokea wajibu huo, na ngoma ikaondoka kama kawaida. Kikundi cha jukwaani hutawanyika kiongozi wake akifa. Lakini ngoma iliyolelewa nyumbani ina warithi.

Ndugu msomaji, katika nyumba za Candomblé zifuatazo desturi za Angola, chombo kile huitwa kwa jina lile lile tulitumialo sisi: ngoma. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo, nao hawakukubali lipotee. Wahenga wetu walisema mwacha mila ni mtumwa. Watu wa Curuzu wametuonyesha upande wa pili wa methali hiyo: mababu zao walifanywa watumwa, na mila hawakuiacha. Sisi tulio huru, tusiozuiwa na polisi wala na sheria, ngoma ya bibi zetu tumemfundisha nani?