Mlio Ndani ya Injini



Wako wenzetu hapa shuleni wasemao kwamba injini kuukuu ikianza kulia ta-ta-ta, basi imekwisha. Mimi sikubaliani nao, na sababu ninayo.

Likizo iliyopita Land Rover ya mjomba wangu ilianza mlio huo. Fundi mmoja, bila hata kuchomoa kijiti cha kupimia oili, alisema injini ifunguliwe yote. Fedha alizotaja ndizo zilizowekwa kwa karo yangu.

Nilimwomba mjomba tusikilize kwanza. Oili ilikuwa chini ya alama. Tukaongeza, mlio ukabaki. Gasketi ya bomba la moshi ikivuja, mara nyingi mlio hupungua injini ipatapo moto, huu haukupungua. Beringi ya konrodi ikilika hugonga kwa kishindo kizito, hasa gari livutapo mzigo. Wetu ulikuwa mwepesi kama wa cherehani. Basi niliweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko cha vali na mpini sikioni (feni nikaiepuka, maana haina huruma), nikahama kidogo kidogo mpaka nikaipata tapeti yenyewe.

Injini ilipopoa tukaipima. Kitabu cha gari chataka nafasi ya inchi 0.010, hiyo ilipitisha 0.020 bila taabu. Tulilegeza nati, tukakaza skrubu kidogo, tukafunga.

Fundi yule asema mpaka leo kwamba tulibahatisha. Na yeye aliyetaka kufungua injini yote, alipima nini? Karo imelipwa, nami nimo darasani.