Mizani Haina Macho

Msomaji, hapana shaka umepata kupimwa. Ulivua viatu, ukapanda mizani, ukasimama wima upimwe kimo, na mtu akaandika tarakimu mbili kitabuni. Kisha kilo zako zikagawanywa kwa kimo chako cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, na jibu likasomwa kama hukumu. Chini ya 18.5 wewe u mwembamba mno. Tangu hapo mpaka karibu na 25 u mzima. 25 na kuendelea u mzito kupita kiasi. 30 na kuendelea unene wako umekuwa maradhi. Hesabu ni rahisi, walakini urahisi wa hesabu si ushahidi wa ukweli wake. Nami nasema kwamba, kwa mtu mwenye misuli, hesabu hii ni shahidi wa uongo.

Tuwaweke mbele yetu watu wawili. Wa kwanza na awe hamali wa soko la Kongowea, Mombasa, ambaye tangu alfajiri hupakua malori, na magunia yapitayo begani mwake kwa siku moja hayahesabiki. Kimo chake ni mita 1.75, uzito wake kilo 92, kifua kipana kama mlango na tumbo lililobana. Wa pili na awe karani, ambaye safari yake ndefu ni kutoka mezani mpaka motokaani. Kimo chake ni mita 1.75 na uzito wake kilo 92, ila tumbo lake humtangulia kila aendapo. Chukua kalamu ufanye hesabu: kila mmoja apata 30. Kwa kipimo hiki watu hawa ni pacha, wagonjwa wa ugonjwa mmoja, wastahilio onyo moja. Je, macho yako yakubali?

Kosa li wapi? Mizani hupima uzito, lakini haijui uzito huo watokana na nini. Lita moja ya misuli ina uzito wa kilo 1.06 hivi, lita moja ya mafuta haipiti sana kilo 0.9. Tena kazi zao ni mbalimbali. Misuli huitumia sukari iliyomo damuni, hali mafuta yajikusanyayo ndani ya tumbo, kulizunguka ini na utumbo, ndiyo yaandamanayo na kisukari na maradhi ya moyo. Kuvitia vitu hivyo viwili katika kapu moja na kutaja jumla yake tu ni sawa na mwenye duka ahesabuye mali na madeni pamoja, kisha akajiita tajiri.

Aliyeibuni hesabu hii hakuwa tabibu. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1796, alikuwa bingwa wa hisabati na elimu ya nyota. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alimtafuta mtu wa wastani, akaona kwamba uzito wa watu wazima hufuata kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Hakuwa akitafuta mafuta ya mtu yeyote. Mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani na wenzake waliipa hesabu hiyo jina litumikalo hata leo, baada ya kuwachunguza wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano. Nao hawakuisifu kupita kiasi: walisema haikukamilika, ila si duni kuliko hesabu nyingine za namna yake. Sifa hiyo ya unyonge ndiyo tuliyoigeuza kuwa sheria.

Na sheria yenyewe huhama. Huko Marekani, hata mwaka 1998, mwanamume aliitwa mzito kupita kiasi alipofika 27.8. Mwaka huo mpaka ukashushwa hadi 25, na mamilioni ya watu waliolala wazima wakaamka na dosari, pasipo kuongezeka hata ratili moja.

Nawasikia watetezi wake. Wasema kipimo hiki ni cha bei nafuu, chatosha kwa kuchunguza taifa zima, na wenye misuli mingi ni wachache. Kweli, kwa kuhesabu umati chafaa, wala simwungi mkono mlafi ajifichaye nyuma ya jina la misuli asiyokuwa nayo. Lakini mgonjwa haingii kwa daktari akiwa umati. Huingia peke yake. Chama cha Madaktari cha Marekani chenyewe, mwaka 2023, kiliwashauri madaktari wasikitegemee kipimo hiki peke yake.

Nilimjua mvulana mmoja mrusha tufe, fahari ya shule yake. Alipimwa, akaambiwa mbele ya darasa kwamba ni mnene wa kupita kiasi. Aliacha chakula cha jioni, kisha cha mchana. Muhula haujaisha, tufe lilikuwa likianguka karibu na miguu yake, naye akasinzia darasani. Na mizani ikampongeza! Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi: yuko mtu mwembamba wa mikono na miguu, mwenye mafuta yaliyojificha tumboni, apataye 24 na kurudi nyumbani akicheka, asiulizwe neno.

Ukitaka kujua zaidi kuliko mizani, tafuta uzi. Ukate uwe sawa na kimo chako, ukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni usawa wa kitovu, bila kuvuta pumzi ndani, tusidanganyane. Tangu mwaka 2022 washauri wa afya wa serikali ya Uingereza wamewahimiza watu kiuno kisifike nusu ya kimo. Ncha za uzi wa hamali wetu zitapishana. Za karani hazitakutana.