Darasa la Kompyuta na Mahali pa Mtoto

Katika kata ya Sarang'ombe, Kibera, toka Gatwekera hata Olympic, na kadhalika kule Kawangware, hawakosekani wanawake waliosoma kompyuta kabla ya kujifungua, ambao leo huuza mboga au kufua nguo za watu ilhali vyeti vyao vimelala sandukuni. Si kwamba elimu haikuwafikia: Taasisi ya Tunapanda, ya mafunzo ya kompyuta, imo Kibera, na AkiraChix, iliyoasisiwa na wanawake jijini Nairobi mwaka 2010, imewafundisha wasichana kuandika programu, lakini mafunzo ya namna hii aghalabu humtaka mwanafunzi ashinde darasani kutwa, na mwenye mtoto mchanga hana kutwa ya kutoa.

Huko Uingereza, mwaka 1962, Stephanie Shirley aliasisi kampuni iliyowaajiri wanawake wenye ujuzi walioacha kazi kwa ajili ya uzazi, wakaandika programu majumbani mwao kwa saa walizozimudu. Na katika wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu tu. Programu za kinasa safari cha ndege ya Concorde zilitoka kwa wanawake hao.

Hata hivyo, wao walikuwa na nyumba zenye nafasi, na dawa yao haitufai ilivyo, kwa maana chumba kimoja cha mabati inamopika na kulala aila nzima, chenye umeme wa kukatika, hakiwezi kuwa afisi. Mama wa Gatwekera anahitaji mahali pa kwenda, na pa mwanawe karibu naye.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya malezi ya watoto chini ya serikali za kaunti, tena katika kifungu kimoja. Madhali mamlaka ni moja, sioni udhuru wa kujenga darasa pasipo chumba cha watoto ubavuni mwake, wala wa kumrudisha mwenye cheti kwenye somo la kwanza badala ya kumpima anachokumbuka na kumwanzishia hapo. Na ujira wa walezi uandikwe katika bajeti ya chuo chenyewe, pamoja na umeme na maji, usiachiwe wafadhili, ambao huja na kuondoka kwa majira yao.